Walikuwa Wanafanya Nini Mle?



Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, moto uliteketeza jengo la ghorofa tano liitwalo Usindiso, katika mtaa wa Albert jijini Johannesburg, Afrika Kusini. Watu 76 walikufa, na watoto wakiwamo. Wapo walioruka kutoka madirishani. Wapo wazazi waliorusha watoto wao wachanga chini gizani, wakitumaini kwamba kuna mikono itakayowadaka. Kati ya marehemu walikuwamo Wamalawi, Wasumbiji, wenyeji wa Afrika Kusini, na Watanzania wenzetu.

Habari hiyo ilitufikia upesi, kwa maana siku hizi habari za msiba husafiri haraka kuliko msafiri mwenyewe. Swali lililotangulia midomoni mwa wengi halikuwa la majina ya waliokufa wala la makaburi yao. Lilikuwa hili: walikuwa wanafanya nini mle? Waliouliza walikuwa na jibu lao tayari. Hao ni wazamiaji, walikwenda Bondeni bila hati, wakaingia jengo lisilo lao, wakaishi na wauza dawa za kulevya, basi yamewapata.

Huko Johannesburg kwenyewe mambo hayakuwa tofauti. Majivu hayajapoa, tayari wapo viongozi na raia waliosema kwamba tatizo ni wageni na majengo yaliyotekwa na magenge. Wengine wakayalaumu mashirika yaliyowatetea maskini mahakamani ili wasitupwe nje bila mahali pa kulala. Kisha, Januari 2024, mtu mmoja alijitokeza mbele ya tume ya uchunguzi akadai kwamba yeye ndiye aliyewasha moto ule ili kuficha mauaji, na kwamba aliyemtuma kuua ni muuza dawa za kulevya Mtanzania aliyeishi humo. Mtu huyo akakamatwa na kushtakiwa. Tangu hapo, kwa watu wengi, neno «Mtanzania» katika habari ya Usindiso likawa na maana ya huyo mmoja aliyetajwa na mtuhumiwa. Ndugu zetu waliokufa kwa moshi hawakuwa na wa kuwataja.

Mwinjili Luka, katika sura ya 13, ametuhifadhia habari fupi inayofanana na hii hata ikashangaza. Mnara uliokuwa Siloamu ulianguka ukaua watu kumi na wanane. Hatuambiwi ni akina nani, wala kwa nini walikuwa chini ya mnara saa ile. Inaonekana wasikilizaji wa Bwana walikuwa wamekwisha kuwapimia dhambi, kwa sababu anawauliza wazi kama wanadhani hao kumi na wanane walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Anakataa. Halafu hawaachi waende zao. Anawageuzia neno wao wenyewe, walio hai, ndio watubu. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya sura hii huishia kwenye toba ya mtu binafsi, na ni sawa. Lakini mnara hauanguki wenyewe. Kuna aliyeujenga, na kuna aliyepaswa kuutazama.

Basi tulitazame jengo la Usindiso. Enzi za ubaguzi wa rangi lilikuwa ofisi ambamo Mwafrika alikwenda kuandikishwa na kupewa kipande, ili aruhusiwe kuwapo mjini. Wazee wetu wanalijua vizuri neno kipande na uzito wake. Baada ya 1994 likawa makimbilio ya wanawake na watoto waliodhulumiwa. Baadaye likaachwa, wakaingia wasio na mahali pengine, wakagawanya kumbi kwa mbao, maboksi na mashuka ili kila familia ipate pembe yake. Na mwenye jengo? Si genge wala mgeni. Mwenye jengo ni Jiji la Johannesburg.

Tume iliyoongozwa na Jaji mstaafu Sisi Khampepe ilitoa taarifa yake mwaka 2024, ikaeleza kwamba jiji pamoja na kampuni yake ya kusimamia majengo walilitelekeza jengo hilo kwa miaka. Mitungi ya kuzimia moto haikuwapo mahali pake. Watu wengi walikutwa wamekwama mbele ya lango la chuma lililofungwa. Hata kama mkono wa mhalifu ndio uliowasha kiberiti, haukuwa mkono huo ulioondoa mitungi ukutani.

Hapa ndipo ninapoona ubaya wa lile swali letu la kwanza, na sisemi kwamba ni ubaya wa kukosa huruma tu. Tukiisha kukubaliana kwamba aliyekufa alijitakia, hatuna haja tena ya kuuliza nani alifunga lango. Mwenye ufunguo anakwenda zake salama, na malango mengine yanabaki yamefungwa kama yalivyokuwa.

Mtu asidhani ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Jijini London, tarehe 14 Juni 2017, ghorofa la Grenfell liliungua wakafa watu 72, wengi wao wakitoka katika familia za wahamiaji. Wakazi walikuwa wamelalamika mapema juu ya usalama wao, wasisikilizwe. Zimamoto iliwaambia wakae ndani wasubiri, nao wengi wakatii. Mwaka 2019 kiongozi mmoja wa serikali alisema kwamba mtu mwenye akili ya kawaida angetoka. Baadaye akalazimika kuomba radhi. Yaani wa Johannesburg walilaumiwa kwa kuvunja sheria, wa London kwa kutii. Uchunguzi wa Grenfell ulipokamilika Septemba 2024 ulisema kwamba vifo vyote vingeweza kuepukika, ukataja serikali, na makampuni yaliyouza mabamba ya kufunikia kuta huku yakificha jinsi yanavyoshika moto.

Na sisi tukumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Taifa liliomboleza siku tatu. Lakini katika siku hizohizo tatu, ni mara ngapi tuliambiana kwamba walikuwa wezi wa mafuta? Ndoo ya petroli ilikuwa na thamani gani kwa kijana wa bodaboda, hilo tuliliuliza kwa nadra sana.

Kwetu Usukumani msiba ukitokea kijijini, jembe hulazwa chini. Mtu haendi shambani huku jirani hajazikwa, hata kama jirani huyo alikuwa mlevi, hata kama alikuwa na deni lako la pamba. Hakuna anayesimama mlangoni mwa wafiwa kuhoji marehemu aliishije kabla ya kuamua kama atakaa matangani. Desturi hii ni nzuri, nami sioni kwa nini iishie kwenye mpaka wa kitongoji. Vijana wanaoondoka Simiyu pamba inapokosa bei hawaendi kutafuta jengo lililotelekezwa. Wanatafuta kazi, na jengo ndilo linalowapokea.

Nimesoma pia kwamba miili mingi ya Usindiso iliungua kiasi cha kutotambulika, ikabidi itafutwe damu ya ndugu ili kuilinganisha. Ndugu hao wako wapi, kama marehemu alisafiri bila kuaga? Na aliye hai kulekule, asiye na hati, angethubutuje kwenda chumba cha maiti chenye askari mlangoni?

Misa ya kwanza ya Jumapili ijayo itakuwa kwa ajili ya marehemu wa mtaa wa Albert. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wapitie kaya zao. Mwenye mtoto au ndugu aliyekwenda Afrika Kusini na hajasikika tangu Agosti 2023, alete jina ofisini kabla ya Jumamosi jioni. Litasomwa altareni pamoja na mengine. Si lazima aeleze alikwendaje.