Nyekundu, Nyeupe, Bluu: Soma Nguo za Jeshi Kabla Hazijakusoma

Kila Disemba 12 mambo ni yale yale. Unawasha TV mapema, chai na mahamri mkononi, na kabla hata rais hajaingia uwanjani, wanajeshi washajipanga wamenyooka kama wamepigwa rula. Dakika mbili baadaye mtandao umeshika moto. "Hawa wa nyekundu ni kina nani?" "Wale wa nyeupe si ni mashefu?" "Na hawa wa bluu watatupeleka wapi?"

Wasee, tulizeni boli. Hizo nguo zinaongea. Na sisi wa huku Malindi na Kilifi tuna sababu zetu za kutaka kujua zinasema nini.

Tuanze na ile rahisi, nani ni nani.

Koti jekundu ni Jeshi la Nchi Kavu. Nyeupe ni wanamaji, wale wenye kambi yao kuu pale Mtongwe, Mombasa. Bluu ni wanahewa, wazee wa ndege. Ukishika hizo tatu, gwaride lote unalisoma kama menyu ya kibanda.

Na ile shughuli yenyewe, wanaoiita Trooping of the Colour, haihusu rangi za nguo hata kidogo. Hiyo "colour" ni bendera ya kikosi. Zamani vitani kulikuwa na moshi na kelele, hakuna simu, hakuna redio. Ukipotea, unatafuta bendera ya wenzako. Kwa hivyo ilibidi ipitishwe polepole mbele ya askari wote, kila mmoja aikariri. Leo hakuna anayepotelea kwenye moshi, lakini bendera bado inapitishwa polepole na sisi bado tunashangilia.

Sasa hiyo nyekundu. Utasikia mtu mtaani anakuambia ni ya kuficha damu. Zii. Damu ikikauka kwenye nguo nyekundu inaonekana vizuri tu. Stori ya ukweli ni ya pesa. Mwaka 1645 Waingereza walipanga jeshi jipya, wakahitaji kuvalisha maelfu ya watu rangi moja, na rangi nyekundu ya mizizi ya mmea ilikuwa bei poa. Nyekundu ikakaa hapo, ikasafiri na ufalme wao, mpaka leo tunaiona uwanjani Nairobi.

Kwa hivyo siku ya Jamhuri kuna nyekundu mbili pale. Moja iko kwenye bendera ya Kenya, na hiyo tulifunzwa shuleni kuwa ni damu iliyomwagika tukipigania uhuru. Ya pili iko kwenye koti, na hiyo tuliirithi kwa yule yule tuliyekuwa tunampigania atoke. Sisemi koti livuliwe. Nasema tu ujue unachoshangilia.

Nyeupe ya wanamaji nayo haina uhusiano na amani. Ni jua, bro. Kwenye bahari za joto nguo nyeusi inakupika, nyeupe inarudisha joto. Mvuvi yeyote wa Ngomeni au Mayungu angekuambia hivyo bila kusoma kitabu.

Bluu ya wanahewa ina makovu. Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa 1964. Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wake walijaribu kupindua serikali ya Moi, wakashindwa siku hiyo hiyo. Adhabu haikuishia kwa waliokamatwa. Kikosi kizima kilivunjwa, kikapangwa upya chini ya Jeshi la Nchi Kavu, kikaitwa 82 Air Force. Jina lake la kwanza lilirudi 1994. Miaka kumi na mbili kikosi kinaishi bila jina lake!

Sasa shika hii point, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Nguo ya gwaride imetengenezwa ionekane. Ile ya vita imetengenezwa isionekane. Waingereza wenyewe waliona koti jekundu linawafanya shabaha, na kule India katikati ya miaka ya 1800 wakaanza kuvaa kaki. Hilo neno kwa Kihindi na Kiajemi linamaanisha rangi ya vumbi. Baadaye jangoo ikaja na madoadoa yake. Kazi ni ile ile: usinione.

Na kaki ndiyo ilikuja kwetu.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaambia Wagiriama wasitoe vijana wao wala kodi. Serikali ya mkoloni ikamkamata, ikampeleka mpaka Kisii, na mama akatoroka akarudi. Agosti 1914 wakalipua Kaya Fungo kwa baruti. Kisha askari wa King's African Rifles wakaingia vijijini, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika kama sisi, wamevaa kaki. Hao KAR ndio uhuru ulipofika 1963 waligeuzwa kuwa Kenya Rifles, vikosi vile vile unavyoviona leo na koti jekundu. Ukipita ile bustani ya Mekatilili hapo Malindi mjini, mwangalie yule mama vizuri. Yeye hakuwahi kuona nguo ya gwaride. Aliona ile ya vumbi.

Rangi ina nguvu kiasi gani? Waulize majirani. Septemba 2019 jeshi la Uganda lilitangaza kofia nyekundu kuwa vazi la kijeshi, raia akiivaa yuko mashakani. Kofia hiyo ilikuwa alama ya Bobi Wine na vijana wake. Hapa Kenya pia raia akivaa jangoo anaweza kulala seli. Serikali inajua mwenye rangi ndiye mwenye amri.

Lakini mbona sheria hiyo isigeuke upande wa pili? Kama mimi siruhusiwi kuvaa kama wao, wao nao wasivae kama mimi wakija kunishika.

Hili si swali la gwaride tena. Mwaka 2018 Uhuru Kenyatta aliwazindulia karao sare mpya ya bluu, tukatengeneza meme mpaka tukachoka. Lakini bluu ile, hata kama hukuipenda, uliiona ikitoka mbali. Sheria ya polisi ya 2011 inasema afisa aliye kwenye sare aweke jina au namba yake mahali panapoonekana. Halafu maandamano ya Juni 2024 yakaja, na tukaona wanaume wasio na sare, nyuso zimefunikwa, kwenye magari ambayo huwezi kujua ni ya nani. Agosti mwaka huo Mahakama Kuu ikatoa agizo: polisi wanaosimamia maandamano wasifiche wao ni nani, na magari wasiyafiche namba. Fikiria mpaka jaji alazimike kusema hivyo.

Ndiyo maana naipenda ile nyekundu, hata na historia yake chafu. Mtu aliyevaa koti la rangi hiyo anakuambia: niko hapa, kikosi changu ni hiki, nikikosea utajua pa kwenda kuuliza. Asiye na rangi hakuambii kitu.

Na kwa wale wadogo zetu wa Ganze, Magarini na Kaloleni wanaosubiri KDF itangaze usajili, mnaokimbia asubuhi na D plain yenu mfukoni: ndoto yenu ni halali kabisa. Usajili ni bure. Msee akikuitisha doo eti anajua mkubwa fulani, huyo ni tapeli, hata kama amevaa jangoo na ana picha akipiga saluti. Na siku mtakapovaa ile nguo pale Eldoret, mama analia kwa furaha, kumbukeni mnavaa kitu ambacho kijijini kwenu kiliwahi kuja na kiberiti.

Mkirudi nyumbani, rudini mkionekana. Jina kifuani, uso wazi.

Wewe msomaji, karao wakikusimamisha kwa barabara, huwa unaangalia kwanza bunduki au lile jina kifuani? Kuanzia leo anza na jina.