Nduthi ya mbio si ya kwenda nayo kazini

Wiki jana kijana mmoja wa Kitengela alinitumia ujumbe: "Buda, sacco imenipitishia mkopo. Nataka nduthi kama yako, niwe naenda nayo kazi." Akaongeza kwamba video zangu za Ngong Hills ndizo zilimfanya aamue. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, kisha nikajiskia vibaya. Hizo video zinaonyesha Jumapili tu. Leo wacha niwaambie ya Jumatatu.

Kwanza tuelewane. Nduthi za kupita lami na vumbi si za aina moja. Kuna zile zilitengenezwa kufanya kazi, kama Yamaha XTZ 125. Na kuna zile zilizotoka kwenye mbio, zikafungwa taa, vioo na nambari ndio ziruhusiwe barabarani. Mfano ni Honda CRF450L ya 2019, ambayo injini yake imetokana na ile ya CRF450R, mashine ya motokrosi. Yangu iko kwa hili kundi la pili.

Sasa hesabu. Kitabu cha CRF450L kinataka oili ibadilishwe kila kilomita 1,000. Mimi hutoka Rongai hadi Industrial Area, kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Hizo ni siku 20 za kazi, yaani kila mwezi, kunyeshe kusinyeshe. Mtu wa boda ataniambia hata yeye hubadilisha oili kila mara. Kweli, lakini yake inamlipa siku hiyo hiyo, na spea zake ziko kila duka kuanzia Rongai mpaka Kirinyaga Road. Yangu ililala kwa fundi siku 11 ikingoja gasketi moja itoke ng'ambo. Siku zote hizo nilipanda matatu, na mkopo haukungoja.

Na si ubovu. Injini ya mbio imejengwa iwe nyepesi na itoe nguvu nyingi, ikijulikana kuna fundi anaisubiri hapo kando. KTM huhesabu sevisi za enduro zao kwa saa ambazo injini imewaka. Maana yake, saa moja ukiwa umekwama kwa jamu ya Lang'ata Road inahesabiwa sawa na saa moja ya raha mlimani. Unachoma maisha ya injini ukiangalia tu mgongo wa lori.

Sitadanganya, iko na utamu wake. Matuta ya Magadi Road inayameza kama hayapo. Lakini kiti kiko juu, kama sentimita 94 kwa hiyo CRF450L, kwa hivyo kwa foleni unasimama kwa ncha za vidole huku matatu zikikubana. Tairi za meno nazo zinashika udongo vizuri, lakini kwa lami iliyolowa ni mpira kidogo tu unaogusa barabara. Aprili, karibu na Galleria, nilishika breki na tairi ya nyuma ikateleza kama sabuni. Nilianguka mbele ya matatu. Niko hai kwa sababu dereva alikuwa macho. Hiyo sikuwahi kuiposti.

Najua kuna wale watasema, weka tairi za lami, badilisha sproketi, ongeza tangi. Sawa, lakini hapo umelipa bei ya mashine ya mbio, kisha ukalipa tena kuifanya iwe ya kawaida. Si ungenunua tu ya kawaida?

Kitu kilinimaliza kabisa ni mathe. Alikuwa na kliniki asubuhi, nikamwambia twende nitampeleka. Akaangalia kile kiti, chembamba kama ubao, akaniangalia mimi. "Mwanangu, niitie tu boda." Akaenda na boda, mimi nikifuata nyuma na nduthi ya bei ya gari kuukuu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama tayari uko na njia nyingine ya kufika kazini, na pesa ya sevisi haitoki kwa kodi ya nyumba, nunua, tupatane Ngong Jumapili. Lakini kama hiyo ndiyo nduthi pekee utakuwa nayo, na ni ya mkopo, nunua ya Jumatatu. Haitashinda mbio zozote, ila asubuhi itawaka, spea utapata, na mathe atapanda.

Yule kijana nilimwandikia haya yote. Ameona, hajajibu. Video yangu inayokuja haina mlima. Ni mimi, jaba la oili chafu, na risiti za mwaka mzima.