Pamir: Safari ya Kwenye Paa la Dunia

Mwezi huu tunakupeleka mbali. Tunajua kwamba wengi wetu hatutafika huko kwa miguu yetu, maana nauli peke yake ni ada ya shule ya watoto kwa miaka kadhaa. Lakini macho yana njia yao ya kusafiri, na mama anayejua jinsi wenzake wanavyoishi kwingineko huyatazama mambo ya nyumbani kwake kwa namna mpya. Kwa hiyo weka maji ya chai jikoni, ukae, twende wote.

Tunakwenda Pamir, katika nchi ya Tajikistan. Wenyeji wanaozungumza lugha ya jamii ya Kiajemi huiita milima hiyo Bam-i-Dunya, yaani Paa la Dunia. Mkoa wenyewe huitwa Gorno-Badakhshan. Unapakana na Afghanistan upande wa kusini na magharibi, China upande wa mashariki, na Kirgizistan upande wa kaskazini. Mkoa huu unachukua karibu nusu ya nchi nzima, lakini wakazi wake hawafiki watu 3 katika kila wananchi 100. Kwingine kote ni mawe, barafu na upepo. Mlima mrefu kuliko yote nchini humo, Ismoil Somoni, una urefu wa mita 7,495. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895.

Khorog, mji wa miti na mito

Mji mkuu wa mkoa ni Khorog. Kutoka Dushanbe, mji mkuu wa nchi, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa barabara mbovu, na gari huchukua siku nzima na usiku juu yake. Sehemu kubwa ya njia inafuata Mto Panj. Ng'ambo ya mto ni Afghanistan. Pengine mto unakuwa mwembamba hata msafiri anawaona akina mama wa ng'ambo wakianika nguo zao.

Mpaka huo haukuwekwa na wenyeji. Mwaka 1895 Urusi na Uingereza walikubaliana kuugawa mlima, na mto ukawa mpaka. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta katika nchi mbili. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa zaidi jambo hilo, waulize Wamasai.

Khorog uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Una mipopla mirefu kandokando ya Mto Gunt, bustani ya katikati ya mji, na juu ya mji kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1940, ambako miti kutoka sehemu mbalimbali za dunia imestahimili baridi. Tangu mwaka 2017 mji huu una kampasi ya Chuo Kikuu cha Asia ya Kati.

Wapamiri wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, wafuasi wa Aga Khan. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kisumu wanalijua jina hilo kwa sababu ya hospitali na shule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Tajikistan, kuanzia mwaka 1992 hadi 1997, barabara za kuleta chakula zilifungwa na Pamir ikakabiliwa na njaa. Misaada ya shirika la Aga Khan ndiyo iliyowavusha. Ndiyo maana katika nyumba nyingi picha ya Aga Khan IV ilikuwa ikitundikwa ukutani. Kiongozi huyo alifariki Februari 2025, na mwanawe Rahim akashika nafasi yake.

Chemchemi za maji ya moto

Kusini mwa Khorog kuna Garm Chashma, maana yake chemchemi ya moto. Maji hutoka ardhini yakiwa na madini, na kwa miaka mingi madini hayo yamejenga ngazi nyeupe kama chokaa. Watu huingia humo kutibu ngozi na viungo. Wanaume na wanawake huoga kwa zamu.

Ukiendelea kusini unaingia Bonde la Wakhan. Hapa ndipo tungependa ukae siku tatu au nne. Upande mmoja ni milima ya Pamir, upande wa pili ni Hindu Kush yenye theluji, na katikati ni vijiji vya kijani vyenye mashamba ya ngano na viazi na miti ya aprikoti. Juu ya kijiji cha Yamchun kuna magofu ya ngome ya kale sana, iliyojengwa kulinda njia ya wafanyabiashara wa hariri. Huko Vrang kuna jukwaa la mawe lenye ngazi linalodhaniwa kuwa la Wabudha wa zamani. Na huko Langar, mahali ambapo mito miwili inakutana na kuufanya Mto Panj, miamba iliyo juu ya kijiji imechorwa maelfu ya picha za mbuzi wa milimani, wawindaji na vinanda.

Lakini mahali ambapo mwanamke hawezi kupapita hivi hivi ni chemchemi ya Bibi Fatima, juu kidogo ya ngome ya Yamchun. Maji ya moto yanatiririka ndani ya pango dogo. Wanawake waliokosa mtoto huja kutoka mbali kuoga humo na kuomba. Wengine wamefukuzwa maneno na mawifi, wengine wameambiwa na waume zao kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Hatuna haja ya kubishana hapa juu ya maji hayo. Tunachojua ni kwamba machozi ya mwanamke tasa ni yale yale huko Wakhan na hapa kwetu, na ni yale yale aliyolia Hana kule Shilo. Ukikutana na dada kama huyo njiani, usimwulize ana watoto wangapi. Na ukirudi nyumbani, usimwulize yule wa jirani pia.

Nyumba yenye nguzo tano

Pamir haina hoteli nyingi. Mgeni hulala katika nyumba za watu, na kwa kweli hiyo ndiyo faida kubwa ya safari hii.

Nyumba ya Kipamiri kwa nje ni sanduku la mawe na udongo lenye paa bapa. Ukiingia ndani unashangaa. Ni chumba kimoja kikubwa chenye nguzo tano za mbao, na pande zote kuna majukwaa yaliyotandikwa mazulia na magodoro. Hapo watu hukaa, hula na kulala. Nguzo hizo zina majina: Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein. Katikati ya paa kuna dirisha linaloingiza mwanga, limezungukwa na miraba minne ya mbao, mmoja juu ya mwingine. Miraba hiyo ni ardhi, maji, hewa na moto. Wataalamu husema mpango huo ni wa zamani kuliko Uislamu wenyewe.

Tunapenda sana desturi ya nguzo ya Fatima. Bibi harusi huvalishwa penye nguzo hiyo. Maarusi wapya huketishwa karibu na nguzo ya Ali, ambayo ni alama ya upendo na uaminifu. Kwa hiyo binti anayekulia katika nyumba ile anajua tangu utotoni mahali pa kila jambo la maisha yake. Kuta zenyewe zinamfundisha.

Mgeni hupokelewa kwa mkono uliowekwa kifuani. Kisha huletwa mkate na chai. Asubuhi utapewa shirchoy, chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, ambayo humegewa mkate ndani yake. Usikunje uso kabla ya kuonja. Kwa mtu anayekwenda kuchunga mbuzi kwenye baridi kali, hicho ni chakula kamili. Ukitaka kujaribu nyumbani, chemsha vikombe viwili vya maji na vijiko viwili vya majani ya chai, ongeza vikombe viwili vya maziwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kikubwa cha siagi. Chemsha tena, mimina kwenye bakuli na umege mkate mkavu ndani. Watoto huenda wakacheka, lakini baba atamaliza.

Katika mabonde watu hukausha pia matunda ya mforosadi na kuyasaga kuwa unga mtamu. Unga huo uliwaokoa wengi wakati wa njaa. Mama mwenye busara haachi kitu kianguke chini ya mti bure.

Nyanda za juu na moto usiowaka

Kutoka Wakhan barabara inapanda hadi Murghab, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 3,600. Wakazi wengi wa huku ni Wakirgizi, wafugaji wa kondoo na wa yaki, yule ng'ombe mwenye manyoya marefu. Kiangazi huhamia malishoni na kuishi katika mahema ya mviringo yaliyotengenezwa kwa sufu. Mbele zaidi barabara inavuka pito la Ak-Baital lenye mita 4,655, kisha inashuka kwenye Ziwa Karakul, ziwa la chumvi lenye rangi ya buluu iliyokolea, katika shimo lililochimbwa na kimondo zamani sana.

Marco Polo alipita Pamir katika karne ya 13 akaandika kwamba huko moto hauwaki vizuri wala hauivishi chakula kama kwingine. Alifikiri ni baridi. Sababu ni kimo. Hewa ni nyepesi, na huko Murghab maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Maharage yanaweza kukaa jikoni kutwa yasiive.

Na kuni zenyewe ziko wapi? Hakuna mti. Wakati wa Urusi ya Kisovieti makaa ya mawe na mafuta yaliletwa kwa malori. Baada ya mwaka 1991 malori yakakoma. Watu wakaanza kung'oa teresken, kichaka kifupi kinachoota polepole mno, pamoja na mizizi yake. Kila mwaka wanakwenda mbali zaidi kukitafuta, na palipong'olewa hubaki mchanga, hata mifugo ikakosa malisho. Mama anayetembea saa tatu kutafuta kuni Dodoma au Kitui angeelewana na mama wa Murghab bila mkalimani.

Zaidi ya hayo, wanaume wengi wamekwenda Urusi kutafuta kazi. Wengine hutuma fedha kila mwezi. Wengine hukaa kimya, na baada ya muda habari huja kwamba wana nyumba nyingine huko. Anayebaki na wakwe, watoto na ng'ombe ni mama. Ndiyo maana fedha anayolipa mgeni kwa kitanda na chakula, au kwa jozi ya soksi za sufu zenye marembo, si jambo dogo. Inaingia mkononi mwa mama, na mara nyingi inageuka kuwa madaftari.

Ziwa lililozaliwa usiku

Usiku wa Februari 18, 1911, tetemeko liliporomosha mlima mzima katika Bonde la Murghab. Kijiji cha Usoi kilifukiwa na watu wake. Mto ukazibwa, maji yakapanda, na kijiji cha Sarez kikazama. Ziwa likapewa jina lake. Ukuta ule wa mawe una urefu wa zaidi ya mita 500 kwenda juu, nalo ziwa lina urefu wa kilomita 60 hivi. Watu wa Bonde la Bartang, lililo chini yake, huishi wakijua kilicho juu ya vichwa vyao. Vyombo vya tahadhari vimewekwa. Kwenda huko kunahitaji kibali cha pekee na miguu imara.

Kabla hujafunga mzigo

Msimu mzuri ni kuanzia Juni hadi Septemba. Panda polepole: ukivuka mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kichwa kikiuma sana na kutapika kukianza, usijikaze, shuka. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waonane na daktari kwanza. Beba nguo za baridi hata Julai.

Mkoa huu umekuwa ukihitaji kibali chake mbali na viza ya nchi, ulizia ubalozini. Ulizia pia usalama. Mwezi Mei 2022 kulikuwa na maandamano Khorog na Rushan, vikosi vya serikali vikatumia nguvu, na watu wakauawa. Familia nyingi bado zina majeraha. Usiwachokonoe wenyeji kwa maswali ya siasa; wewe utaondoka, wao watabaki. Mpaka wa Kirgizistan ulifungwa mwaka 2021 kwa sababu ya mapigano, na nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba Machi 2025. Hakikisha njia iko wazi kabla ya kuitegemea.

Mwisho, usiende mikono mitupu. Si lazima zawadi kubwa. Picha ya watoto wako inatosha kuanzisha mazungumzo ya jioni nzima penye nguzo tano.

Hadi mwezi ujao, tunakutakia safari njema, iwe ya Pamir au ya sokoni.