Lwiro: nyumba ya wageni, na wenyeji je?



Lwiro haiko mbali na Bukavu. Unashika barabara ya Katana, kisha unapanda upande wa milima ya Kahuzi. Pale ndipo Wabelgiji waliweka makao makuu ya IRSAC, taasisi ya utafiti waliyoiunda mwaka 1947. Walijenga maabara, maktaba, na nyumba ya wageni. Mwanasayansi akitoka Ulaya ao Marekani alilala pale, akala pale, akakaa mezani na wenzake kuzungumza juu ya mambo waliyoyaona.

Walizungumza juu ya nini? Juu yetu. Udongo wetu unaotetemeka, maziwa yetu, pori letu, watoto wetu wenye utapiamlo. Sisi tulikuwa somo, hatukuwa wageni waalikwa.

Leo kituo kinaitwa CRSN-Lwiro na ni mali ya Serikali ya Kongo. Mkoloni alishaenda. Basi tuulize: meza ile sasa ni ya nani?

Swali hili si la anasa. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilivunja nyumba na kuua watu Bukavu. Tangu miaka ya 1950, Lwiro iko na mitambo ya kupima matetemeko. Mutu anayesoma mitambo ile analinda maisha ya mama zetu sokoni na ya wadogo zetu shuleni. Akikosa mshahara, umeme ao intaneti, sisi wote tunabaki vipofu.

Mtatuambia: kuna vita. Tunajua, tunaishi ndani yake. Lakini udongo hautangoje amani ndipo utetemeke.

Hatulilii zamani za mkoloni. Tunadai haya:

1. Watafiti wa Lwiro walipwe mshahara wa kweli, na kwa wakati.
2. Nyumba ya wageni na vyumba vya mikutano vitunzwe, na wanafunzi wetu wapewe nafasi ya kulala na kujadili pale bila bei ya kuwafukuza.
3. Kila mtafiti anayetoka nje aeleze matokeo yake kwanza hapa, kwa lugha tunayosikia, mbele ya kuyapeleka Bruxelles.

Na wewe kijana, usingoje mualiko. Jikusanyeni na wenzako wa chuo, mwandikie kituo barua, muombe kutembelea, muulize maswali. Mwenye nyumba hapigi hodi kama mgeni, lakini pia haachi nyumba ikianguka.

Lwiro ni yetu. Tuikalie.