Wikendi zetu Voi zimo mikononi mwa mfereji

Kila shule zinapokaribia kufungwa, hotuba ni ile ile. Chifu barazani, mwalimu mkuu kwenye mkutano wa wazazi, sheikh msikitini na mchungaji kanisani, wote wanatuambia kwamba wazazi wa siku hizi tumewaachia watoto simu na televisheni, hatukai nao, hatuwajui. Mimi ni mzazi wa watoto watatu hapa Voi na hotuba hiyo nimeisikia mara nyingi hata naweza kuitoa mwenyewe bila karatasi. Sikatai kwamba ina ukweli. Wapo wazazi wenye nafasi na hawaitumii. Lakini kuna swali ambalo hotuba hiyo hulikwepa kila mwaka: huo muda wa kukaa na watoto unatoka wapi, na ni nani anayeuchukua?

Kwa maandishi, muda tunao. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwa hivyo Jumamosi na Jumapili ni zetu, hakuna anayebisha. Tuache kidogo habari za shule zinazowaita watoto Jumamosi kwa jina la "marudio", maana hizo kila mzazi anazijua na kila mzazi amezilipia.

Sasa njoo Voi Jumamosi alfajiri. Pita Mwakingali, pita Sofia, Kaloleni au Birikani, uangalie nje ya nyumba za watu. Utaona mitungi ya lita 20 imepangwa foleni, mingine ina alama za rangi ili isichanganywe na ya jirani. Mgao wa maji hauna adabu ya saa. Mara nyingi maji hufunguliwa usiku, na yakifunguliwa lazima awepo mtu wa kuyakinga, kwa sababu kesho huenda yasije na keshokutwa pia. Kwangu tuko watano. Siku ya kawaida mitungi minane hututosha kwa kupika, kuoga na choo. Siku ya kufua sare za shule, mashuka na nguo za wiki nzima, inafika kumi na mitano. Hayo ni maji ambayo lazima mtu mzima ayakeshee, au ayanunue kwa mwenye mkokoteni, ambaye bei yake hupanda mfereji ukikauka.

Fuata hesabu hii hadi mwisho wake. Mama aliyeamka saa nane za usiku kukinga maji, akafua kuanzia saa kumi na moja, saa nne asubuhi macho hayafunguki. Mtoto wa miaka sita anataka kucheza naye. Mama ananyoosha mkono, anampa simu, anajilaza kwenye kochi kwa nusu saa inayogeuka kuwa saa mbili. Akipita mzee mmoja pale na kuchungulia dirishani, atakwenda kueleza barazani kwamba amemwona mama amelala na mtoto yuko kwenye simu. Na atakuwa amesema kweli, ila atakuwa ameanza hadithi saa nne asubuhi, wakati yenyewe ilianza saa nane za usiku.

Jambo linalouma ni kwamba maji tunayakesheana huku yakitupita. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya kaunti yetu hii, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua ya milima ya Chyulu huchujwa na mawe ya volkano, ikatokea Mzima safi kama kioo, na tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka maji hayo Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Sina kinyongo na watu wa Mombasa, nina ndugu huko Kisauni na wao pia mfereji wao una mambo yake. Tena bomba la pili la Mzima limeahidiwa katika kampeni nyingi hata watoto wetu wakubwa wanalijua kwa jina. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imeyataja maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti kazi ya kusambaza maji. Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013 tuliambiwa maamuzi yamesogea karibu na sisi. Basi ratiba ya mgao nayo ingesogea.

Huo ni upande wa mjini. Ukitoka ukaenda chini ya mlima Sagalla, au upande wa Maktau, au Kasigau, anayechukua muda wa familia ni ndovu.

Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948, na hakuna eneo lingine Kenya lenye ndovu wengi kama Tsavo. Sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kuambiwa. Mahindi ya mvua za vuli yakianza kukomaa, baba wa familia huhamia shambani usiku. Anakaa juu ya dungu na tochi, debe la kupiga na moto chini yake. Anarudi nyumbani kukicha, analala mchana kutwa. Msimu ukiwa mkali, watoto wanaweza kukaa wiki kadhaa wakimwona baba yao amelala tu. Jumamosi yuko nyumbani, naam, ila wanaambiwa wasipige kelele.

Watoto wenyewe pia wamefungiwa saa zao. Kuna vijiji ambako mtoto hatoki kwenda shule mpaka jua litoke na mtu mzima apite mbele kuangalia nyayo, na saa kumi na mbili jioni kila mmoja awe ndani. Ule mchezo wa jioni ambao watu wa Likoni au Malindi wanauona jambo la kawaida, watoto wakikimbizana uwanjani mpaka adhana ya magharibi, kwetu sehemu nyingine ni jambo la kuhatarisha maisha. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, hadi milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao yaliyoliwa nayo yanafidiwa. Familia nyingi zimesubiri malipo hayo miaka na miaka, na hilo tumeliandika sana. Usiku ambao baba hakuwa ndani na wanawe haumo kwenye fomu yoyote ya fidia.

Hapo Sagalla, hata hivyo, kuna kitu ambacho mzazi yeyote angepaswa kukitazama kwa jicho la malezi, si la utalii. Ni ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga inatundikwa kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10 hivi, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anaondoka, maana ndovu pamoja na ukubwa wake anaogopa kuumwa ndani ya mkonga na pembeni mwa macho. Utafiti wa miaka tisa uliofanywa huko na kutolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao mazuri hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia nyua hizo hawakuingia. Kuna tatizo lake: ukame ukija nyuki wanahama na asali inapungua, kwa hiyo si dawa ya kila mwaka. Lakini kila usiku ambao nyuki wanalinda, kuna baba amelala kitandani kwake. Sijaona bajeti yoyote inayohesabu mizinga kama matumizi ya familia, na sioni kwa nini isihesabiwe hivyo.

Ukishaelewa maji na ndovu, utaelewa kwa nini wazazi wengi wa hapa walikuwa wakiwapeleka watoto wadogo bwenini. Mwishoni mwa 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba bweni za gredi ya 1 hadi ya 9 zitaondolewa kuanzia Januari 2023, kwa hoja kwamba mtoto mdogo anafaa kulelewa na wazazi wake. Kelele zikapigwa, wizara ikalegeza msimamo. Mimi hoja yenyewe niliipenda na bado naipenda. Mtoto wa miaka minane kulala kwenye kitanda cha orofa na wenzake arobaini si malezi. Ila anayetoa agizo hilo akiwa Nairobi anadhani mzazi anamkwepa mtoto. Huku wapo wanaomkwepesha mtoto na njia ya ndovu ya kilomita nne, na wapo mama wanaofanya kazi za usiku mahotelini kando ya barabara kuu. Ukiondoa bweni bila kugusa njia wala saa za kazi, mtoto amerudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Nikiri pia pale serikali ilipotusaidia, hata kama haikuwa imekusudia. Gredi ya 7, 8 na 9 kuwekwa katika shule za msingi tangu 2023 kumetupa mwaka mmoja zaidi na watoto wetu. Zamani mtoto akimaliza darasa la nane, sanduku la bati linafungwa, anakwenda zake bwenini, na anaporudi likizo sauti imekuwa nzito. Sasa anamaliza miaka tisa karibu na nyumbani kabla ya kwenda gredi ya 10, kama walivyokwenda wa kwanza Januari 2026. Mwaka huo mmoja wa utotoni, kati ya miaka 14 na 15, ndio wakati maswali magumu yanapoanza. Mimi kifunguamimba wangu aliniuliza lake la kwanza tukiwa tunakamua nguo, yeye ameshika ncha moja ya shuka na mimi nyingine. Lilikuwa swali ambalo asingeniuliza tumekaa uso kwa uso.

Na kuna wazazi wasioweza hata kukamua shuka pamoja na watoto wao, kwa sababu wako Mombasa au Nairobi. Voi ni mji wa reli tangu enzi za Waingereza, na treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017 wengi tulidhani itawarudisha nyumbani kila Ijumaa. Lakini treni inayosimama stesheni za kati huondoka asubuhi. Anayetoka kazini Ijumaa jioni haimfai. Atapanda basi usiku, au atapanda treni ya Jumamosi asubuhi afike Voi mchana, na Jumapili arudi. Kutoka Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 150 tu, si safari ya kumnyima mtoto mzazi wake kwa mwezi mzima. Treni moja ya Ijumaa jioni yenye kusimama Mariakani, Miasenyi, Voi na Mtito Andei ingefanya kazi kuliko semina kumi za malezi.

Wikendi nzuri tunazijua, tusifanye kana kwamba hatujawahi kuziona. Ni ile Jumapili maji yalipokuja Alhamisi, nguo zikafuliwa Ijumaa jioni, tukapanda matatu kwenda Wundanyi kwa nyanya yao. Kule juu kuna baridi, watoto wanalala blanketi mbili na kulalamika kwa furaha. Nyanya anaponda kimanga, mihogo na maharagwe, kitindamimba anaomba mwiko aponde mwenyewe, anachoka baada ya mara tatu. Hakuna anayemkataza simu. Hajaiulizia.

Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike kwenye Bunge la Kaunti, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Wawakilishi wadi huja na viti vya plastiki, tunaomba barabara, tunaomba basari, tunarudi nyumbani. Safari hii ningeomba tupeleke ombi dogo ambalo halihitaji bomba jipya: ratiba ya mgao, mtaa kwa mtaa, ibandikwe ukutani sokoni na itumwe kwa simu kila Jumapili, na mitaa ya makazi ifunguliwe maji kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku, si saa nane usiku. Pampu ni zile zile na maji ni yale yale. Kama kuna sababu ya kiufundi inayozuia, mhandisi asimame pale mbele atueleze, na watoto wetu wakae nasi wasikilize.