Maandishi ya chini hayaharibu filamu



Karibuni nimeangalia filamu mbili za nchi za mbali, na kila shoga ninayemsimulia huniuliza kwanza: "Imetiwa Kiswahili?" Nikisema hapana, ina maandishi tu kwa chini, hamu inamkatika. Husema ukisoma huangalii, na ukiangalia husomi. Mimi naona sivyo.

Ya kwanza ni A Separation ya Asghar Farhadi, filamu ya Iran ya mwaka 2011. Mke anataka kuhama nchi, mume hataki kumwacha baba yake mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Anaajiriwa mwanamke mwenye mimba, Razieh, kumtunza mzee. Siku mzee anapojisaidia nguoni, Razieh kabla ya kumgusa anapiga simu kuuliza kama ni dhambi kumsafisha mwanamme asiye maharimu wake. Sitawaharibia mwisho, lakini kuna pahala anatakiwa aape kwa msahafu, na fedha ya kumtoa mumewe kwenye madeni iko mbele yake. Kiajemi sikijui. Lakini khofu ya Mola iliyo katika sauti ya Sareh Bayat, aliyecheza sehemu hiyo, haihitaji mkalimani. Ingefutwa ikawekwa sauti ya mtu mwengine, mimi ningebaki na kisa tu.

Ya pili ni Wadjda, ya mwaka 2012, ya Haifaa al-Mansour, mwanamke wa mwanzo wa Saudia kuongoza filamu ndefu. Alipopiga picha katika mitaa ya Riyadh ilimbidi akae ndani ya gari na kuwaelekeza watu wake kwa redio, kwa sababu hakuweza kuchanganyika na wanaume barabarani. Kisa ni cha mtoto wa kike anayetamani baiskeli, akaingia mashindano ya kusoma Qur'ani ili apate fedha za kuinunua. Aliyepita chuoni atamsikia anavyoanza kwa kujikwaa na anavyokuja kunyooka. Hapo mimi sikusoma maandishi hata kidogo.

Na kuna faida yetu sisi hasa. Maandishi ya Kiingereza mara nyingi huipunguza "inshaallah" ikawa "natumai" tu. Masikio yetu yanaipata kamili.

Sizikatai tamthilia zilizotiwa sauti. Doudou na Mama Wakwe Zake ya Wachina, iliyooneshwa TBC mwaka 2011, na Sultan ya Waturuki kupitia Azam, ziliwakalisha pamoja bibi, mama na wajukuu. Bibi asiyejua Kiingereza ana haki ya kufurahi. Lakini hapo tatizo ni Kiingereza, maandishi hayana kosa. Tungeandikiwa Kiswahili, mama zetu wengi wangesoma bila taabu, na asiyeona vizuri angesomewa na mjukuu.

Tena kusikiliza lugha ya watu si jambo geni kwetu. Hapa Unguja bibi zetu walikwenda senema kwenye maonesho ya wanawake peke yao, wakaangalia picha za Kihindi kama Awara na Mother India. Hakuna aliyewatilia sauti ya Kiswahili, na wakirudi nyumbani macho mekundu kwa kulia.

Kwa nyinyi mabiharusi nina neno moja la ziada. Filamu iliyotiwa sauti unaweza kuisikiliza huku unapekua simu. Yenye maandishi haikuruhusu: ukiinamisha kichwa tu, umepitwa. Basi usiku mmoja katika nyumba yenu mpya, simu ziwekwe mbali, mkae wawili muangalie A Separation. Ikimalizika, msiulizane nani kacheza vizuri. Muulize mumeo: "Lau ningekuwa mimi Razieh, na deni ni lako, ungetaka niape?" Jibu lake litakufunza mengi kuliko filamu yenyewe.