Mashine ya Chapa za Meno Isiwe Pambo

Wapo wananchi wengi katika mkoa wetu wa Tanga waliowahi kuketi kwenye kiti cha daktari wa meno, wakatiwa kinywani kisahani kilichojaa uji mzito, kisha wakaambiwa watulie na kupumua kwa pua mpaka uji ule ugande. Dakika hizo chache huwa ndefu mno. Mwenye koo jepesi hutapika, na mtoto hulia. Hata hivyo, hiyo ndiyo njia iliyotumika kwa miaka mingi kuchukua chapa ya meno, ili fundi apate kiolezo cha kutengenezea meno ya bandia, kofia ya jino au kifaa cha kunyoosha meno yaliyopinda.

Siku hizi ipo njia nyingine. Daktari hupitisha kinywani kifimbo chenye taa na kamera, na kompyuta huziunganisha picha nyingi zilizopigwa mpaka ikaonekana kwenye kioo sura kamili ya meno na ufizi. Sura hiyo hupelekwa kwa fundi kwa njia ya mtandao, naye huitumia kuchonga jino kwa mashine, au kulichapa tabaka juu ya tabaka. Zahanati kadhaa za binafsi katika miji yetu mikubwa zinajivunia skana hizi. Swali lililo mbele yetu ni kama hospitali za umma nazo zifuate mkondo huo. Sisi tunaona kwamba zifuate, lakini si kwa pupa.

Yafaa kwanza kueleza kuwa jambo hili si geni kama vijana wetu wanavyodhani. Mfaransa François Duret aliandika juu ya kuchukua chapa ya meno kwa mwanga mwaka 1973, na mwaka 1985 daktari Werner Mörmann wa Zurich, akishirikiana na mhandisi Marco Brandestini, alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine ya namna hiyo. Uji wenyewe nao una historia yake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili madaktari walitumia aga, inayotokana na mwani mwekundu, na sehemu kubwa ya aga ilitoka Japani. Vita vilipoikata biashara hiyo, wataalamu wa nchi za Magharibi waligeukia aljineti, inayotokana na mwani wa kahawia. Mwani wanaolima mama zetu wa Mkinga na Unguja si wa aina hiyo. Ni mwekundu, na hutoa karajini, ambayo viwanda vya ng'ambo huitumia kuongezea uzito vyakula na hata dawa ya meno ya kusugulia. Kwa hiyo tunauza mwani mkavu kwa bei ya kutupa, kisha tunaurudishia fedha zetu ukiwa ndani ya kopo. Hilo tutalirudia siku nyingine.

Kasoro ya aljineti ni kwamba haina subira. Ikikaa hupoteza maji na kunywea, na ikilowekwa hufura. Kwa hiyo jasi haina budi kumiminwa mapema, la sivyo kiolezo hupotoka na meno yatakayotengenezwa hayatakaa. Mahali ambapo fundi yupo chumba cha pili, hilo si tatizo kubwa. Lakini mkulima wa Kilindi au Handeni aliyefunga safari hadi mjini, akalipa nauli na kuacha shamba, akiambiwa arudi tena kwa sababu chapa imeharibika, huyo amepata hasara ambayo haimo katika hesabu za hospitali yoyote. Hapa ndipo tunapoiona faida kubwa ya mashine. Kasoro huonekana kwenye kioo pale pale, daktari akairekebisha kabla mgonjwa hajainuka kitini. Na fundi aliyeko Dar es Salaam huipata sura hiyo kwa muda mfupi, bila ya kungoja kifurushi cha basi.

Hata hivyo, mashine huona tu kile kinachofikiwa na mwanga. Damu, mate na jino lililochongwa chini ya ufizi huizuia. Kwa jino moja, au kwa daraja la meno machache, kazi yake haizidiwi na vifaa bora vya zamani. Lakini kinywa cha mzee asiye na jino hata moja ni shida nyingine. Ufizi ni laini, unasogea, na hauna alama za kutosha za kuiwezesha kompyuta kuunganisha picha zake. Makosa madogo madogo hujumlika kutoka upande mmoja wa taya hadi wa pili. Na ni nani wanaohitaji zaidi meno kamili ya bandia ikiwa si wazee wetu? Anayesema kwamba uji na visahani vitupwe leo anawasahau hao hao waliotangulia kulijenga taifa hili.

Liko pia suala la kipi kitangulie. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu kati ya kila wanne wao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Maradhi yanayoongoza ni kuoza kwa meno bila ya kutibiwa. Hospitali ambayo mwananchi hung'olewa jino kwa sababu tu dawa ya kuzibia haipo, haina haki ya kununua skana kwanza. Tunalisema hili waziwazi, kwa kuwa tunajua jinsi kitu king'aacho kinavyopendeza siku ya uzinduzi.

Kisha kuna bei. Mashine hizi huuzwa kwa maelfu ya dola, na zile zenye sifa hufikia makumi ya maelfu. Lililo baya zaidi ni kwamba baadhi ya watengenezaji hutoza ada kila mwaka ili programu iendelee kufanya kazi. Mtu amenunua ng'ombe, lakini kamba imebaki mkononi mwa muuzaji! Taifa lililotangaza kujitegemea mwaka 1967 halipaswi kutia saini mkataba wa namna hiyo bila ya kuusoma mpaka mstari wa mwisho. Kadhalika sura ya kinywa cha mtu ni taarifa yake binafsi, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; haifai picha za wagonjwa wetu zihifadhiwe ughaibuni bila ya wenyewe kujua.

Mafundi wetu wa meno ya bandia, waliozoea nta na jasi, wasiachwe nje ya mpango huu. Macho yao ndiyo yanayojua jino la juu linavyokutana na la chini. Wafundishwe kompyuta wao kwanza, kabla ya kutafutwa mgeni.

Kwa hiyo tunazitaka bodi za hospitali na halmashauri zetu, kabla ya kupitisha manunuzi yoyote ya skana, zimdai muuzaji ajibu kwa maandishi: ada ya kila mwaka ni kiasi gani, na ikikosekana mashine itafanya nini, je, sura zinazotolewa zinaweza kufunguliwa na fundi yeyote, au na kampuni yake peke yake, taarifa zitahifadhiwa wapi, na kifimbo kikivunjika, kitatengenezwa hapa nchini au kitasafirishwa. Majibu hayo yawekwe hadharani, wananchi wayasome kabla fedha haijatoka.